Masikio Yaliyoamka Kwanza

4 Februari

Mwanangu daktari wa usingizi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima, ukiniondoa mimi mwenye utumbo nje. Baba yako, kaka yangu asiyetaka kuzeeka, amepaka nywele rangi nyeusi, na sasa foronya zote za nyumbani kwake zina alama ya kichwa chake. Kaniletea dukani nizitoe doa. Nimemwambia dobi hutoa doa la nguo, la ujana akatafute fundi mwingine. Mkeo hajambo? Na huyo mwanao aliyeng'oka meno ya mbele mwambie asinicheke kwenye picha, na langu moja linatikisika.

Nakuandikia wala sipigi simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba. Nawe ukijibu, andika, na barua uitume dukani, usiitume nyumbani.

Mfuko wa choo bado unaning'inia ubavuni mwangu. Mdogo wako ninayekaa naye, Mungu ambariki, ndiye anayenibadilishia kila siku akitoka kazini kwake hospitali. Ananiosha, ananipangusa, ananiambia, "Shangazi, wala haunuki." Hata siku ile ya kupasuliwa aliomba zamu chumba hicho hicho cha upasuaji ili awe karibu nami. Sina la kumlipa.

Lakini unajua mimi nimeishi kwa pua. Shati la mteja nikilinusa najua limefuliwa au limechovywa tu. Leo pua hiyo hiyo inaninusa mimi kutwa. Najichukia, mwanangu. Dukani nimehamia nyuma kwenye pasi, kaunta nimemwachia msichana wa kazi, nisije nikawakimbiza watu. Chakula nakula peke yangu na dirisha wazi.

Daktari mpasuaji anasema tumbo limepona, nirudi aunganishe utumbo, mfuko utoke, mambo yaishe. Baba yako kafurahi kama vile anapasuliwa yeye. Mimi nimekataa. Chumba kile sirudi, na kama ni kuzikwa na mfuko huu, nizikwe nao. Usiniulize sababu, na usimsaidie baba yako kunisukuma.

Swali langu ni moja tu. Hiyo nusu kaputi yenu hufanya nini hasa ndani ya kichwa? Aliyelala nayo anaweza kusikia? Nijibu kama mtu mzima, usinibembeleze.

Shangazi yako


27 Februari

Shikamoo shangazi,

Sisi hatujambo. Mke wangu anakusalimu, na huyo kibogoyo wako ameanza kuota meno mapya, anatafuna kila kitu hadi rimoti ya televisheni. Hapa hospitali kazi ni nyingi, wapasuaji wanagombea vitanda utadhani wako sokoni. Baba kanipigia simu mara nyingi kuhusu wewe. Nimemwambia nitakuandikia, basi akanuna kwa nini barua.

Umeuliza, nami nakujibu kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Ubongo ni seli nyingi mno zinazopashana habari. Kila seli ina vipokezi juu ya ngozi yake, milango midogo inayofunguka ikiguswa na kitu chake maalumu. Kuna vitu vya kuchangamsha na kuna cha kutuliza. Hicho cha kutuliza kinaitwa gaba, na ubongo hujitengenezea wenyewe. Gaba ikikaa kwenye kipokezi chake, mlango unafunguka, chembe fulani za chumvi zinaingia, na seli inanyamaza. Dawa yetu huenda kukaa kwenye kipokezi hicho hicho, pembeni kidogo ya kiti cha gaba, na kuushikilia mlango usifunge upesi. Kimya kinazidi, seli kwa seli, mpaka sehemu za ubongo zinaacha kuelewana. Sauti inaweza kufika sikioni, lakini haifiki kwa mwenyewe. Hatujui yote, shangazi, ila hilo tunalijua vizuri.

Tena kumbukumbu ndiyo inayozimika mwanzo kabisa, kwa dozi ndogo tu. Kuna hata dawa ya peke yake tunayomchoma mgonjwa kabla ya kuingia, naye anazungumza nasi, anacheka, kisha hakumbuki kama tulionana.

Basi jibu ni hapana. Kama kuna kitu unadhani ulikisikia, kilikuwa ndoto ya kuamkia. Mgonjwa wangu mmoja aliniapia kwamba alimwona marehemu mumewe amevaa glavu akimsaidia mpasuaji. Ndoto hizo huwa na sura ya kweli sana. Nenda ukaunganishwe, shangazi. Lala bila wasiwasi.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi kwa sababu kila nikiifungua hasira inanipanda, naikunja tena naiweka chini ya pasi. Huku wote wazima. Baba yako rangi imemkataa, kanyoa upara, sasa anadai ndiyo mtindo aliokuwa akiutaka tangu mwanzo. Pasi ya mvuke iliharibika, fundi kaja kaondoka na skrubu zangu. Haya, hizo ndizo habari za nyumbani.

Nilikuomba usinibembeleze, ukanipa mhadhara na mume wa mtu mwenye glavu. Sasa nisikilize mimi.

Kwanza nilisikia mlio wa mashine. Kisha nikamsikia mwanaume akisimulia matairi ya gari lake, kwamba kauziwa makuukuu yaliyopakwa rangi. Halafu nikahisi uzi unapita kwenye tumbo langu. Hayakuwa maumivu makali, ilikuwa kuvutwa, nguo nzito inavyovutwa na sindano, na nguo yenyewe ni mimi. Nikataka kusema, jamani, niko macho. Ulimi haukuja. Nikataka kuinua kidole, kidole hakikunijua. Kope zilikataa kufunguka. Hata pumzi haikuwa yangu, mashine ndiyo iliyokuwa ikinipumulia.

Wakamaliza matairi, wakaanza kunizungumzia mimi. Waliyoyasema sitayaandika. Ninapoyakumbuka mate yananijaa mdomoni, nalazimika kwenda kutema. Katikati ya mazungumzo yao mmoja akasema, "Mbona huyu anatoa machozi?" Mkono ukanifuta kwa pamba, na sauti ikasema, "Ni dawa tu, kawaida." Wakaendelea na kucheka kwao.

Mimi nimefua nguo za watu maisha yangu yote. Nimekutana na damu, matapishi, na mambo ya ndani ambayo nikikuhadithia utaacha kula. Sijawahi kusimama mbele ya nguo ya mtu nikaicheka, na nguo haina hata masikio.

Basi hivyo vipokezi vyako vilikuwa wapi siku hiyo, mwanangu? Au navyo vilikuwa likizo?

Shangazi yako


20 Mei

Shikamoo shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa, na nisamehe kwa barua ile nyingine. Huku tu wazima, mtoto alipata homa akapona. Sina habari nyingine, maana tangu nisome maneno yako sijafikiria kingine.

Nilipofika pale pa machozi niliiweka barua mezani nikatoka nje kutafuta hewa. Machozi ni alama, shangazi. Mwanafunzi wetu yeyote hufundishwa hivi: mgonjwa akitoa machozi, akitokwa jasho, moyo ukianza kukimbia, ongeza dawa, anaamka huyo. Machozi ya mezani hayafutwi kwa pamba yakaachwa hivyo hivyo.

Kuna jambo sikukueleza. Dawa tunazotoa si moja. Ile ya kulegeza misuli haigusi ubongo kabisa. Yenyewe inaziba vipokezi vingine, vile vilivyo kwenye msuli, mahali ambapo neva hutoa amri ya kusogea. Mtu anaweza kuwa macho makavu, akili timamu, na asiweze kupepesa. Na kuna mtindo, hata hapa kwetu upo. Mpasuaji akianza kushona ngozi, gesi ya usingizi inazimwa, ili uzi wa mwisho ukikatwa mgonjwa awe anafumbua macho na meza ipate mtu mwingine. Ile ya misuli inaachwa ifanye kazi, maana mpasuaji hapendi tumbo linalokaza. Ipi iishe kwanza, ni kukisia tu. Kwako walizima mapema mno. Na kwa vile kumbukumbu huzimika mwanzo na kurudi mwisho, wewe kukumbuka hadi matairi maana yake gesi ilikuwa karibu imekwisha kichwani mwako. Ulikuwa umeamka, umefungiwa ndani ya mwili wako.

Yule daktari wa usingizi wa huko nilisoma naye. Nilimpigia simu nikamweleza. Unajua alinijibu nini? Alicheka, akasema, "Kwani alikufa?" Nimeona kinyaa, shangazi. Nilikwenda kunawa uso kana kwamba ametemea mate kwenye simu.

Sasa nimemwandikia mkuu wa hospitali yao. Nimedai wote waliokuwa chumbani waitwe wahojiwe. Mdogo wangu nimemtaja kuwa shahidi, kwa kuwa uliniambia alikuwemo, na yeye hawezi kumficha mtu aliyekutendea hivyo. Lakini nahitaji maneno yenyewe. Walisema nini? Mficha uchi hazai, shangazi. Niambie.

Mwanao


29 Mei

Mwanangu,

Leo salamu zangu fupi. Barua hiyo ya mkuu wa hospitali iondoe. Iondoe leo.

Mdogo wako wamemwita. Alirudi nyumbani macho mekundu, lakini saa ya kunibadilishia mfuko ilipofika hakuisahau. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, mfuko uliojaa mikononi, akasema, "Shangazi, kaka ananiharibia kazi. Amewaambia ati ulikuwa unasikia. Ulisikia nini?"

Nikamtazama. Ameshika uchafu wangu kwa mikono miwili na machozi yanamlengalenga.

"Nilisikia habari za matairi," nikamwambia.

"Matairi tu?"

"Matairi tu."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi mwambie kaka aache, shangazi. Ulikuwa unaota." Nikamwambia nitamwambia. Akanifunga mfuko mpya, akanipigapiga begani. "Wala haunuki," akasema.

Umetaka maneno, haya chukua. Shahidi wako ndiye mwenye maneno. Wale wanaume walikuwa wameziba pua wakitania, na hayo ningeyameza, maana harufu ni harufu. Yeye ndiye aliyesema, "Nyie mnanusa mara moja mnakwenda zenu. Mimi ndiye nitakayekwenda kulala nyumba moja na huo mfuko. Wiki nzima hii namwosha matapishi, nikimaliza nasugua mikono hadi inachubuka. Si angelala moja kwa moja tu, akapumzika, na sisi tukapumzika." Wakacheka wote, na yeye akacheka. Mkono ulionifuta machozi ulikuwa wake. Mkono huo naujua, nimeufundisha kushika kijiko.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi dobi mzima sikuitikisa nguo yangu mwenyewe.

Ungependa nimchukie tu, iwe rahisi. Lakini usiku ule ule alilala chini sakafuni wodini, pembeni yangu, ili nikiita asikie, na niliporuhusiwa kula akanilisha uji. Vyote viwili amevifanya yeye. Akinigusa mwili unanisisimka, natamani kumsukuma, na akichelewa kazini nasimama dirishani. Sasa unaelewa kwa nini simu sikuitaka. Unaelewa pia kwa nini chumba kile sirudi. Kisu sikiogopi. Naogopa kusikia sehemu ya pili.

Nina maswali mawili. La kwanza, ile dawa uliyonitajia, inayozuia mtu asikumbuke, je, inaweza kurudi nyuma ikafuta lililokwisha kuingia? La pili, wewe na wenzako huko, mnasema nini juu ya waliolala?

Na uniapie kwamba mdogo wako hutamwambia.

Shangazi yako


11 Juni

Shikamoo shangazi,

Naapa. Na barua nimeiondoa. Nimeona haya kuiondoa, kwa sababu yule bwana kesho atamlaza mtu mwingine na atazima gesi yake vile vile. Lakini nimeiondoa.

Mdogo wangu sijampigia. Nikisikia "kaka, shikamoo" yake nitasema, na hilo umenikataza.

Dawa hairudi nyuma. Inakaa kwenye vipokezi vile vile vya gaba na kuuzuia ubongo usishike yanayokuja. Yaliyokwisha kushikwa haiyagusi. Ingekuwepo ya namna hiyo, ningekuletea mwenyewe, hata kwa miguu.

Njoo huku. Nitakulaza mimi. Gesi haitazimwa mpaka uzi wa mwisho ukatwe na bandeji ibandikwe, na mpasuaji akiona unachelewa kuamka akae kwenye kiti asubiri. Masikio nitakuziba pia, si kwa sababu ya dawa, ni kwa ajili yako. Mke wangu ameshaandaa chumba. Kibogoyo ameahidi kukupa kitanda chake.

Njoo, shangazi, nakuomba. Usizikwe na mfuko kwa sababu ya mdomo wa mtu.

Mwanao


3 Septemba

Mwanangu,

Nimefika salama. Baba yako alinipokea na kofia, upara umeungua na jua. Msichana wa kaunta alikuwa amewapandisha wateja wangu hadi ghorofa ya hasira, mashati ya huyu kampa yule, ila duka liko wima. Mwambie mkeo nimefika na mshono haujaguswa, na mjukuu wangu nimemwibia penseli moja bila kujua.

Mfuko hakuna. Nimekula mezani na watu, nikaongeza sahani. Nimerudi kaunta. Jana mteja mmoja kaniletea koti, nikalinusa, na nikanusa koti tu.

Kwako sikusikia kitu. Uliniambia nivute pumzi, nikavuta, kisha mwanamke akawa ananiita na kunipigapiga shavuni, na katikati hapakuwa na chochote. Nakushukuru kwa kimya hicho. Mpasuaji wako alikuja wodini akanishika mkono akasema mimi ni mgonjwa mwema kuliko wote. Nilitabasamu. Alipotoka nje nilijikuta nimeinua kichwa kutoka kwenye mto, nategea atasema nini huko kwenye korido. Wakaniletea maua wale wauguzi, nikafanya hivyo hivyo. Sasa nimekuwa hivyo, mwanangu. Mtu akinipa neno zuri, nangoja mlango ufungwe.

Swali langu la pili hukulijibu. Siku zote nilizokaa kwako hukuligusa, nami nikaona unavyolikwepa. Liache huko huko.

Malalamiko nimeyapeleka mwenyewe. Usishtuke. Niliwaandikia nikiwa kwako, na siku ya kurudi nikapitia kikaoni kabla ya kufika nyumbani. Walinikalisha mbele ya watu waliovaa tai, na yule wa matairi, kumbe ndiye daktari wa usingizi uliyesoma naye, akiwa pembeni anaangalia kucha zake. Mdogo wako alisimama nje ya mlango, nilikiona kivuli chake kwenye kioo. Nikawaambia gesi ilizimwa mapema. Nikawaambia nilitoa machozi na yakafutwa. Mwenyekiti akauliza kama kuna maneno yoyote niliyoyasikia, akaniangalia sana. Nikasema, ya matairi. Akauliza, hakuna mengine? Nikasema hakuna. Yule bwana wamemsimamisha kazi kwanza, na nimesikia kwamba sasa huko hakuna gesi inayozimwa uzi ukiwa bado unapita. Kivuli kiliondoka kwenye kioo kabla sijainuka.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameosha nyumba nzima na kutandika shuka mpya. Alinikumbatia mlangoni, akanifunulia blauzi akatazama ubavu wangu, akalia kwa furaha, na mwanangu, ilikuwa furaha ya kweli, mimi si mtu wa kudanganyika kwa machozi. "Shangazi umepona," akasema. "Unajua nitakosa kukuhudumia? Nilishazoea." Akaniweka kichwa begani kama alivyokuwa akifanya udogoni, akakaa hivyo muda mrefu.

Nikamshika mgongo. Nikamwambia, "Asante, mwanangu, kwa yote." Kisha nikaenda kuoga.

Shangazi yako